Kibaraza cha Baba Mkwe

Watu wakisikia nasoma shahada ya uzamili katika historia ya Japani, swali lao ni moja: "Japani? Ya kwenu umeyamaliza?" Zamani nilikuwa nagombana nao. Siku hizi nacheka tu, maana kisa chenyewe ni picha niliyoiona darasani: wanawake wamejifunga vitambaa kichwani, wanachuma chai mtelemkoni. Nikasema, mbona hawa nawajua, kwetu nako tunachuma chai hivyo hivyo! Nikataka habari za mwanamke aliyeolewa katika nyumba zile za wakulima: alikaaje na wakwe, alisema nini, na nani.

Vyanzo vyangu ni vya kuungaunga. Nina vitabu vichache, kamusi kwenye simu, na rafiki aliyeko huko Japani anayenitumia picha za kurasa za kumbukumbu za vijiji. Nazisoma polepole kama mtu anayechambua mchele. Kamati ya chuo haikuridhika. Ikanipa nafasi ya mwisho kuitetea mada yangu kwa njia ya mtandao, na nikishindwa, nitafute mada nyingine. Roho ilikuwa juu juu.

Sasa, hapa Nkunga, wilayani Rungwe, ninapoishi na wakwe zangu, mtandao unashika vizuri mahali pamoja tu, napo ni kibarazani kwa baba mkwe. Na kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Ukimsikia anakuja, unakata kona, unaingia migombani. Wengi mjini Tukuyu wameshayaacha hayo, lakini mzee wetu bado anayashika, na mimi tangu niolewe sijawahi kumtazama usoni. Mama mkwe akapanga mambo: mzee aende Isongole kutafuta mbegu ya viazi, mimi nikae kibarazani na kompyuta yangu.

Yote yalikwenda salama mpaka profesa mmoja, mama mwenye sauti kavu, aliponiuliza, "Wewe uliye Rungwe, hawa wake wa Kijapani wanakuhusu nini?"

Nikafungua mdomo. Papo hapo bodaboda ikasimama uani. Mvua ilikuwa imemrudisha mzee. Jamani! Sikufikiri hata kidogo. Nilijifunika kitenge kichwani nikazama chini ya meza.

"Mwanafunzi yuko wapi? Mtandao umekatika?"

"Nipo," nikajibu kutoka huko chini.

"Upo wapi?"

"Chini ya meza. Baba mkwe amekuja."

Mmoja wao akaangua kicheko, wengine wakafuata. Hasira zikanipanda. Kazi yangu yote ilikuwa inafia chini ya meza, na wao wanacheka!

"Msicheke," nikasema. "Jibu ndilo hilo. Kwenye kumbukumbu zile mwanamke anaandikwa 'mke wa fulani', basi. Sauti yake haipo, na anayesoma anadhani hakuwa na la kusema. Mimi najua anayenyamaza mbele ya mkwe ana mengi, na anajua pa kuyasemea: shambani, mtoni, jikoni. Huko ndiko nitakakomtafuta."

Profesa yule hakuwa amecheka. "Liandike hilo kama ulivyolisema," akasema. "Kwangu mimi mada imepita." Wenzake wakakubali, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa bado nimekumbatia mguu wa meza kwa furaha.

Mama mkwe akaja kunitoa, anacheka mpaka machozi. "Mwanangu, toka. Mzee hayuko hapa." Kumbe aliposikia sauti yangu alikuwa amezunguka nyuma ya nyumba, akasimama migombani, mvua inamnyeshea, akisubiri nimalize. Moyo ukaniuma kwa huruma.

Hapo sauti yake ikatoka huko nyuma, akimwambia mkewe kana kwamba mimi sipo. "We mama, mwambie mkwe wetu kibaraza ni chake mpaka amalize hicho chuo. Mimi mlango wa nyuma unanitosha."

Nikamgeukia mama mkwe, aliyekuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu, nikamwambia asante kwa Kinyakyusa, kwa sauti kubwa ya kufika migombani: "Ndaga fijo!"