Bata Mwenye Koti la Mvua

"Na wewe, utotoni ulimpenda yupi?"

Mwenzangu wa ofisini, pale Parramatta, alikuwa amepanga sarafu zake mezani saa ya chakula cha mchana. Zilikuwa na picha za rangi za wanyama wa kitabu kimoja cha zamani cha watoto: bata mwenye koti la mvua, kangaruu mwenye miwani, na wengineo. Kila mtu alikuwa na wake. Mwanamume mmoja wa idara ya hesabu, mwenye ndevu na mkopo wa nyumba, nusura alie kwa ajili ya bata. Mimi nimelelewa kitongoji cha jirani, Toongabbie, tangu tulipohama Kenya nikiwa na miaka minne, nina shahada, na sikuwa na jibu. Nikataja kangaruu, kama mtalii.

Jioni nilimsimulia mama kama kichekesho: nchi hii imempa bata nafasi kwenye sarafu, nyuma ya picha ya malkia, na watu wazima wanamlilia. Mama, aliyekuwa akipiga pasi sare yake ya uuguzi, hakucheka.

"Kwa hivyo wenzako walikuwa na utoto, wewe hukuwa nao."

"Sijasema hivyo."

"Umesema hukuwa na jibu."

Nikamfafanulia kwamba hamu ya utotoni siku hizi ni bidhaa, inauzwa ikiwa imepakwa rangi. Hotuba nzuri sana. Mama akaendelea kupiga pasi mkono uleule wa shati.

Jumapili ilikuwa siku ya mavuno. Kanisa letu la Wakenya hukodi ukumbi Granville, na kwa kuwa hakuna mwenye shamba, kila mtu huleta alichonacho, kikapigwa mnada na fedha zikawa sadaka. Boga la supamaketi lilikuwa limeshauzwa bei ya mbuzi. Kisha mzee wa mnada akainua kikopo cha plastiki. Ndani mlikuwa na sarafu ya bata.

"Ndugu zangu, hii si pesa, hii ni historia. Nani ananipa ishirini?"

Mama akainua mkono. Baba mmoja wa safu ya mbele, ambaye hushindania hata mayai, akasema thelathini. Mama akasema hamsini.

"Mama, hiyo ni dola mbili. Utarudishiwa chenji kama hiyo ukinunua maziwa."

"Niache nimtolee Mungu."

"Mungu hana haja na bata."

"Themanini," akasema mama.

"Baba, unakubali kushindwa na mama wa watu?" mzee akauliza. Baba akakubali. Tukapigiwa makofi.

Ndani ya gari mama akanikabidhi kikopo.

"Wakikuuliza tena, sema ni huyu."

"Lakini simjui. Hata kitabu chake sijakisoma."

"Najua," akasema, akatazama kioo cha nyuma kwa muda mrefu. Hakukuwa na gari nyuma yetu.

Niliamua kwamba ni majivuno ya kanisani tu, na kwa miaka kadhaa maelezo hayo yalinitosha. Mwaka jana rafiki wa mama, aliyekuwa akimpa lifti kwenda zamu nilipokuwa mdogo, aliniambia kwamba mama alikuwa akiazima vitabu vya watoto maktabani na kuvisoma kwa sauti njia nzima, ukurasa mmoja mara nyingi, kwa sababu alikuwa ameapa hatanisomea hata kimoja mpaka Kiingereza chake kisikike kama cha mwalimu wangu wa chekechea.