Majani Aliyokatazwa Kufyeka

Mume wangu alikuwa amelala ndani, kafunikwa shuka, na nje wanaume walikuwa wanafyeka. Nilisikia panga linapita kwenye majani, halafu linagonga chupa. Wanawake waliokaa nami chumbani wakatazamana.

Mwosha maiti alikuwa ametoka uani kutafuta pa kuchimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kumwoshea marehemu. Akarudi hadi mlangoni kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada yangu, pole sana. Lakini pale nichimbe wapi? Majani yamefika kiunoni."

Nikajifunika kanga uso mzima.

Kila panga liliposhuka kikaibuka kitu. Nepi zilizooza. Sufuria yangu iliyotoboka. Kandambili ya marehemu, mguu mmoja. Uchafu wa nyumba nzima ukaanikwa mbele ya makuli wenzake waliokuja na nguo za kazi kutoka bandarini. Tulikuwa tumzike baada ya Adhuhuri. Adhuhuri ikaadhiniwa, ikaswaliwa, yeye bado hajaoshwa. Kuli mmoja, hakujua dirisha liko wazi, akasema, "Kumbe jamaa yetu alikuwa anaishi porini?"

"Nyamaza wewe, mkewe anasikia."

Nilisikia.

Sasa niseme ilikuwaje, maana shule niliishia la nne lakini waliotufikisha pale nawajua.

Nyumba ni ya vyumba sita, hapa Gerezani, kila chumba na mpangaji wake. Kufagia tuna zamu. Korido, choo, uani kwenye sementi, kila chumba na siku yake, na ukikosa utasemwa mpaka ujute. Lakini nyuma ya choo kuna kipande cha udongo mtupu. Mvua ikinyesha kinaota majani, na kipande hicho hakikuwa na zamu. Siku ninahamia nilimwuliza dalali.

"Majani ni ya mwenye nyumba, mama. Nyie kazi yenu ufagio," akasema, akanipa funguo.

Mwenye nyumba anakaa Upanga, ghorofani. Nilipompigia simu akaniuliza, "Kwani yanaota kwangu Upanga hayo? Anayeyaona ndiye akate." Nikampigia dalali tena. Akasema kazi yake iliisha siku ile aliyonipa funguo.

Ndipo mama wa chumba cha mbele, yule ambaye mumewe anauza spea, alipotukusanya kwenye korido. "Jamani, hapa hakuna kugusa. Akigusa mmoja, yamekuwa yetu moja kwa moja. Tuyaache mpaka mwenyewe aone aibu." Tukaitikia wote, na mimi nikaitikia. Yeye ana mlango wake wa barabarani, uani haaniki hata leso.

Mume wangu hakuitikia. Jumapili moja asubuhi akatoka na panga, msuli kaukunja magotini. Mama yule alikuwa kwenye korido anachambua mchicha.

"Haa! Shemeji, umeajiriwa lini? Njooni mumwone shamba boi wa Upanga!"

Milango ikafunguka, watu wakacheka.

"Natafuta njia tu ya kupita, shemeji," mume wangu akasema.

"Wewe kata. Kesho utaambiwa na choo ukazibue, na sisi tutaambiwa tukusaidie."

Mume wangu alibeba mizigo ya watu maisha yake yote, ila kuchekwa hakukuweza. Akarudi ndani, akalisukuma panga chini ya kitanda. "Wacha yaote," akaniambia. Yakaota masika yote. Kisha presha ikamwangusha kazini, akaletwa nyumbani keshakufa. Na wanaume walipokuja kuniomba panga, nilinyoosha mkono tu, nikawaonyesha chini ya kitanda kile kile alicholazwa. Wakainama mbele ya maiti kulitoa.

Mwenye nyumba alikuja siku ya hitima. Mimi nilikuwa ndani, nimeanza eda, sauti yake nikaisikia kutoka uani. "Kumbe mnaweza! Pamependeza. Basi huu ndio uwe utaratibu."

"Sawa, baba," akajibu nani? Yule yule wa chumba cha mbele. Jioni akapita akigonga milango, anatangaza kwamba majani nayo yameingia kwenye zamu, na chumba changu ndicho kitaanza, kwa vile panga ni letu.

Eda imeisha, nimerudi Kariakoo kwenye meza yangu ya vitenge. Juzi mteja alinikazia macho, kitenge kiko mkononi. "Samahani mama, si ndiye wewe wa ule msiba wa kufyeka?" Nikakikunja kile kitenge, nikakikunjua, nikakikunja tena. Nikasema hapana. Nimemkana mume wangu katikati ya sokoni kwa sababu ya majani.

Zamu yangu sijaifanya, na siifanyi. Mwenye nyumba ashuke kutoka ghorofani kwake. Dalali aje, na funguo zake. Jirani wa chumba cha mbele afungue mlango wake wa nyuma, atoke. Wasimame watatu pale tulipochimba ufuo, wapangaji wote wakiwepo, wanijibu kwa midomo yao: siku ile mume wangu yuko hai na panga analo mkononi, majani yalikuwa ya nani?