Karai Juu ya Antena

Kwa miaka ishirini na miwili Babu Funguo alilitunza lile jengo la ghorofa tano kama mboni ya jicho lake. Wapangaji walimbandika jina hilo kwa sababu ya shada la funguo lililokuwa likilia kiunoni mwake. Mwezi uliopita kampuni inayosimamia jengo ikaja na ujuaji wake: koki za maji, mita na mlango wa paa, vyote vikawa vinapokea amri hewani kupitia antena moja ya kwenye paa. Vishikio vya koki vikang'olewa. Funguo zikachukuliwa.

Jana wingu lilipotanda, Babu alipanda akaifunika antena kwa karai la chuma isije ikalowa. Akashuka roho kwatu.

Leo asubuhi bomba la ghorofa ya nne limepasuka.

"Babu, funga maji! Godoro la mama linaelea!" mpangaji alipiga kelele.

Babu akabonyeza simu aliyopewa, wapi! Akawapigia kampuni.

"Mzee, antena yenu haipatikani tangu jana. Kuna kitu kimeiziba?"

Akalikumbuka karai. Akapanda ngazi mbiombio hadi mlango wa paa, akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Nao ulikuwa ukingoja amri ya antena.

"Tulia, mzee, mafundi watafika mchana," sauti ikasema simuni.

Bila kufikiri, mkono wake ukashuka kiunoni. Ukapapasa mkanda mtupu, huku maji yakisikika yakiteremka ngazi.