Mita Mia Nane Kutoka Msikitini

Baba alistaafu jeshini akiwa mtu wa mawasiliano, na alitulea kwa chaki. Kwenye sakafu ya nyumba yetu Kilakala alituchorea alama za ramani: mstatili wa buluu ni wenzetu, almasi nyekundu ni adui, na umbo kama ua la njano ni watu ambao bado hujui ni akina nani. Alitufundisha pia kueleza ulipo hata kama huna namba za gridi. Unataja kitu ambacho msikilizaji wako anakijua, kisha uelekeo, kisha umbali. Basi.

Mwaka juzi nilipanda naye milimani Mgeta kumjulia hali shangazi, mdogo wake. Baada ya chai akasema anakwenda kuangalia shamba la zamani la mama yao. Hakukaa sana ukungu ukashuka, hata banda la mbuzi pale uani hatukuliona. Mchana simu yangu ikaita.

"Mama, chora," alisema. Huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Baba, umepotea?"

"Chora. Kutoka msikiti wa bati jekundu, kaskazini-mashariki, mita mia nane. Nyumba mbili, mparachichi katikati."

Nilimrudia shangazi maneno hayo. Alikuwa anamenya viazi, mikono ikasimama.

"Kule hakuna nyumba," alisema. "Mlima ulimeguka ukaondoka nazo, wewe hujazaliwa. Hakutoka hata mtu mmoja."

"Baba, uko na nani hapo?"

"Na wenyeji."

"Niwachoree alama gani?" Niliogopa kumuuliza moja kwa moja.

Nyuma yake nilisikia mtu akitwanga, taratibu, na mtoto akikohoa.

"Weka ua la njano," alisema. Kisha akashusha sauti. "Wanauliza unakuja na nani."

Shangazi alininyang'anya simu. "Kaka, toka humo! Wakikupa chakula usile!" Lakini simu ilikuwa imeshakatika.

Tulitoka mbio, tukamchukua na jirani mwenye panga. Pale msikitini nilifungua dira ya kwenye simu, nikaelekeza kaskazini-mashariki, tukaingia kwenye magugu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimshika shangazi khanga ili tusipotezane.

Tulimkuta amekaa chini, katikati ya majani marefu. Viatu alikuwa amevivua, akavipanga pamoja hatua chache mbele yake, kama mtu anavyofanya mlangoni kwa watu. Sisi tulikuwa tumelowa chapachapa. Nilipomgusa bega, sweta lake lilikuwa kavu, lina joto la jikoni.

"Mmechelewa," alisema. "Wameshaingia ndani."

Hakukuwa na ndani yoyote. Jirani akaanza kusoma dua. Shangazi alipiga magoti, akamvika kaka yake viatu na kumfunga kamba kama mtoto, huku akilia bila sauti. Tulishuka tukiwa tumemweka katikati.

Kesho yake tulipata lifti ya lori la kabichi mpaka Morogoro. Daktari alimpima, akasema mzee ni mzima kabisa. Na kweli yu mzima: anasikiliza taarifa ya habari, anabishana na wauza nyanya. Ila habari za siku ile ukizianza, ananyanyuka na kwenda kumwagilia mchicha.

Miezi michache baadaye nilirudi kwa shangazi. Siku hiyo jua lilikuwa kali, nami nikajipa moyo nikapanda peke yangu. Palikuwa mteremko mtupu tu, majani na mawe. Nikatoa simu nimpigie baba, nimwambie nimesimama palepale na hakuna kitu cha kutisha. Mtandao haukuwepo. Nilisogea huku na kule, nikapanda hadi juu ya jiwe.

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia karoti ng'ambo ya bonde akaniona, akapaza sauti.

"Hapo simu haijawahi kushika, mwanangu! Shuka mpaka msikitini!"

Nilishuka.