Upepo wa Shehe Wodini

Miaka ya sabini nilikuwa nikisalisha katika nyumba moja ya mtaa wa Sparkhill, Uingereza, tuliyoigeuza msikiti. Ngiri ilikuwa imechomoza kwenye kovu la upasuaji wangu wa zamani, nami nikaifunga kwa kikoi chini ya kanzu na kumwambia mke wangu kuwa ni kitambi cha neema.

Alasiri moja, katika sijida ya mwisho, ilitoka ikagoma kurudi. Nikashindwa kuinuka. Maamuma hawainuki kabla ya imamu, basi wakabaki na vipaji vya nyuso chini nyuma yangu. Nikasikia "Subhanallah!" ya kunizindua, kisha vikohozi, kisha magoti ya wazee yakilia. Mwishowe nikaanguka ubavu. Muuza nyama wa safu ya mbele ndiye aliyenipeleka hospitali kwa gari lake.

"Shehe," aliniambia njiani, "tulidhani unatuombea mmoja mmoja."

Nilipasuliwa siku ile ile. Daktari alinieleza kuwa utumbo ulinaswa hadi kipande kikafa. Wamekikata, wakauunga, wakashona ukuta wa tumbo. Sasa tungoje upepo. Ukitoka, utumbo unafanya kazi. Usipotoka watanifungua tena, na moyo wangu huenda usistahimili.

Muuguzi alikuwa binti wa Kenya, Mkristo wa bara, asiyezungusha maneno. Kila asubuhi aliuliza kwa sauti ya mnadi:

"Mzee, umejamba?"

"Binti, mtu mzima haulizwi hayo."

"Hapa huulizwa hata askofu."

Kumbe upepo ulikuwa ukija, nami nikiurudisha. Tangu chuo cha Kurani nilizoea kuulinda udhu, ambao upepo huutengua, na pale kitandani nilikuwa natayamamu, yaani natawadha bila maji, kwa kila sala. Niliona hasara kuuharibu, tena mbele ya wanawake. Nikajiona mcha Mungu kweli kweli, mpira puani, tumbo limewambwa kama ngoma.

Siku moja, karibu na adhuhuri, daktari alilibonyeza tumbo, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Alipoondoka, yule binti akaniinamia.

"Mzee, unaubana?"

Nikavuta shuka hadi kidevuni.

"Majirani zetu Waislamu udhu ukiwatoka hutawadha tena, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na huo utumbo ukifa, utapata wapi mwingine?"

Miaka yote niliyosoma fikihi, swali hilo sikuwahi kuulizwa. Nikaachia. Mwingereza wa kitanda cha pili akashusha gazeti lake.

"Bwana asifiwe!" alipaza sauti yule binti.

"Alhamdulillahi," nikajibu, naye tayari anakimbia kumwahi daktari.

Nikatayamamu upya, nikaanza adhuhuri. Kabla sijamaliza, ukatoka mwingine. Nikaanza tena. Sala ile niliirudia mara kadhaa, na sikumbuki nyingine niliyoisali kwa shukrani zaidi.