Asubuhi Tuliyommwagia Chui Maziwa

Kila maziwa yanapofurika jikoni na kuungulia kwenye makaa, harufu yake hunirudisha kwetu milimani Masisi, katika ukungu wa asubuhi, nikiwa msichana wa miaka saba. Naomba msinicheke kabla sijamaliza.

Nilikuwa nikishuka kutoka malishoni na shangazi yangu Riziki, niliyemwita Tantine, tukipeleka maziwa sokoni Lushebere kwa bidoni, yale madumu ya kubebea. Jana yake wachungaji walikuwa wamesimulia, tena kwa kunguruma, habari za chui aliyekamata ndama upande wa Walikale. Nililala na chui huyo kichwani. Na ukungu ulikuwa mzito, hata ng'ombe wa jirani tuliwatambua kwa kukohoa tu.

Tulipokaribia chemchemi, nikamwona. Amechutama kando ya maji, mgongo mzima madoadoa, mkia umelala majanini.

"Tantine, chui!"

Shangazi akakodoa macho. "Yesu wangu! Na meno yake ninayaona!" Akamrushia maziwa yote ya bidoni yake.

Chui akasimama kwa miguu miwili, akajipangusa uso. "Nani ananimwagia maziwa?"

Alikuwa Mama Esta, kiongozi wa kwaya, ndani ya koti lake jipya la mitumba. Mkia ulikuwa mkanda wa koti. Ubaya zaidi, Jumamosi ile watu wake walikuwa waje kumposa shangazi yangu huyu huyu kwa ajili ya mwanawe.

Jioni alikuja kwetu. Tantine alijifungia chumbani akilia. Baba akaniamuru niungame uongo wangu.

"Ngoja, Papa," Mama Esta akasema, akanigeukia. "Weye mutoto, uliona nini?"

"Chui, Mama."

"Na mukia?"

"Mukia pia."

Akanitazama sana, kisha akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. "Basi hasemi uongo. Na mimi nilisikia bidoni zinagongana mu ukungu, nikajua iko watu wa bunduki. Njo maana nilichutama!"

Jumamosi watu wake walikuja, na posa ikapokelewa.

Miaka mingi baadaye, mwalimu alitufundisha kwamba macho huleta habari, ndipo akili hufikiri. Nikaikumbuka asubuhi ile. Pale chemchemini tulikuwa watu watatu wenye macho mazima. Lakini akili yangu ilikuwa imetangulia njiani, ikamketisha chui kando ya maji, kisha ikayangoja macho yaje kutoa ushahidi.