Mlango Wenye Tumbo wa Mama Gaudens

Melkiori alikuwa karani wa stoo ya chai, wala hakuwa fundi. Msumari aliweza kuupigilia, na pancha ya baiskeli yake aliiziba mwenyewe, basi. Kwa hiyo wapangaji wenzake wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, walipomwona uani ameshika msumeno wa kuazima, walijua kuna jambo. Na jambo lenyewe halikuwa siri kwa yeyote mle ndani: alikuwa anamtaka mkewe.

Celina alikuwa amepanda Kibosho, kwao Melkiori, kumuuguza mama mkwe wake. Mama mkwe akafariki, msiba ukaisha, kahawa ikachumwa, msimu uliofuata ikachumwa tena, naye Celina hashuki. Krismasi Melkiori alipokwenda nyumbani, kama Wachaga wote wa mjini wanavyokwenda, alivuta subira mpaka siku ya kuondoka. Basi linaunguruma, ndugu zake na majirani wamesimama kumsindikiza, ndipo alipomwuliza atarudi lini. Celina akacheka.

"Siku mlango wa kabati langu utakaporudi mahali pake, Baba Gaudens, na mimi nitarudi."

Watu wakacheka pia. Kabati hilo la kona alipewa na kaka yake Anselmi siku ya harusi, kazi ya fundi mmoja wa Kihindi aliyekwisha kuhama nchi. Mlango wake haukuwa bapa kama milango mingine. Ulijaa mbele kama tumbo la mtu aliyeshiba. Ulipasuka siku walipohama kutoka Ilala, na tangu hapo palining'inizwa pazia. Mtu mwingine angesikia utani. Melkiori alisikia ahadi, akashuka nayo mpaka Dar es Salaam.

Sasa plaiwudi ungeipata wapi? Ilikuwa ile miaka baada ya vita vya Kagera, sabuni yenyewe ilikuwa habari ya mtaa mzima. Fundi wa Gerezani aliyeulizwa alimwambia afunge pazia zuri zaidi. Lakini stoo ilikuwa na masanduku ya chai yaliyovunjika, na kuta za sanduku la chai ni plaiwudi nyembamba, ukiilowesha maji ya moto inapinda. Melkiori alimwomba bosi wake, akapewa, akayabeba kwenye baiskeli huku kifua chake kikimdunda kama kijana anayekwenda kuposa.

Alitengeneza kalibu ya vipande vya mbao yenye mgongo uliopinda kiasi cha mlango ule. Akapaka gundi, akalaza plaiwudi moja juu ya nyingine mpaka zikawa tatu, akazikaza kwa mikanda ya tyubu la baiskeli. Jiliwa za kubania hakuwa nazo. Akachukua mawe, akayafunga kamba, akayaning'iniza huku na huku ili yavute kingo chini. Kisha akalala, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakukumbatia mto.

Asubuhi alitoka uani akakuta mawe hayapo. Mikanda ilikuwa imelegea, na plaiwudi imefumuka, kila moja imerudi zake kuwa bapa.

"Bi Mauza!" aliita. "Nani amechukua mawe yangu?"

Bi Mauza, mwenye nyumba, mama wa Kiarabu aliyezaliwa hapo hapo Kariakoo, alitoka jikoni anapangusa mikono kwa kanga. "Mwanangu, si sukari imekuja! Duka la ushirika wanafungua saa mbili. Tumekwenda kuweka mawe kwenye foleni."

"Mawe yote Kariakoo, mkachukua yangu?"

"Yana kamba. Jiwe la kawaida watu wanalibadilisha, wanasema ni lao. Lenye kamba nani atakuibia?" Akamtazama, akaona uso wake umeiva. "Na lako nimekuwekea, Baba Gaudens. Lipo mbele kabisa, nyuma ya langu."

Melkiori alikwenda. Akayakuta mawe yake yamejipanga kwenye baraza la duka, yamekalia nafasi za nyumba nzima, makini kuliko watu. Angekasirikaje? Alisimama nyuma ya Bi Mauza, akapata sukari yake, akaifunga vizuri, akaiweka ndani ya kabati nyuma ya pazia. Hakuitia hata kwenye chai. Ilikuwa ya Celina.

Alianza upya. Safari hii aliipindisha kalibu zaidi ya alivyohitaji, kwa sababu alikwisha kuona kwamba mbao ukiiachia hujirudi kidogo kuelekea ilikotoka. Mawe aliyafunga kwa waya. Kila akitoka kazini aliugusa mlango, akaubisha kwa kidole, akausikiliza. Ua mzima ulinukia chai. Alipoufungua kwenye kalibu, ukakaa. Akaupiga msasa, akautia vanishi, akaufunga bawaba, na kwa mkono wake mwenyewe akalishusha pazia.

Celina alikuja baada ya Pasaka kwa harusi ya Candida, binti wa Anselmi. Aliingia chumbani na kikapu cha ndizi, akasimama.

"Umeupata wapi?"

"Nimeutengeneza."

Akaufungua. Akaufunga. Mlango ulilala mahali pake bila kukwaruza. Akaufungua tena, akaiona sukari, akaketi kitandani akaanza kulia. Melkiori alidhani ni furaha, akacheka peke yake kama mjinga.

"Baba Gaudens," Celina alisema, "niliutaja mlango kwa sababu nilijua haupatikani. Pale kituoni, mbele ya ndugu zako, ningekuambiaje kwamba sirudi?"

Melkiori aliufunga mlango wa kabati.

"Kule nikiamka najua nafanya nini. Nina kahawa, nina migomba, nina ng'ombe wa mama. Hapa nilikuwa nakungoja wewe, na foleni. Sikuchoka na wewe. Uje wewe. Kihamba cha kwenu ni chako, kahawa na migomba yote."

"Na kazi?"

"Ndiyo maana sikukuambia," alisema Celina, akamshika mkono.

Siku ya Celina kuondoka, Melkiori alimsindikiza mpaka kwenye basi. Celina alimwachia ndizi, akamwachia na sukari. Melkiori alirudi kwa miguu akipita Mnazi Mmoja, akaingia chumbani, akaufunga mlango wa kabati na kuufungua. Ulifunga vizuri mno, na hilo ndilo lililomuuma. Ungekuwa umepinda vibaya, angekuwa na cha kulaumu, na kesho angekuwa na cha kufanya. Alimtamani mkewe mpaka meno yakamuuma.

Jumapili iliyofuata, aliporudi kanisani, alitoa bisibisi, akazifungua skrubu moja moja, akaurudisha mlango uani juu ya kalibu. Pazia akalitundika tena.

Bi Mauza alimkuta anafunga mawe.

"Shikamoo, Bi Mauza."

"Marahaba, mwanangu. Huo mlango si ulikwisha? Nilidhani Mama Gaudens anarudi."

Melkiori alikaza kamba ya jiwe la mwisho, akaliacha lining'inie.

"Atarudi," alisema. "Bado kidogo tu haujakaa sawa."